Arobaini ya Hondohondo

Bi Mwantumu alikuwa kitandani, mgongo umeegemea mito, miguu imefunikwa kanga mbili, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya msitu wa Kwendimu ukiiba kuyu.

Mkono wenyewe haukutoka kitandani. Lakini ndivyo kujitolea kulivyokuwa siku hizo. Mlezi wa msitu anavaa bangili, anakunjua kiganja, na humo kiganjani inatokea picha ya kila anachokiona ndege wa bati huko aliko. Ukiinamisha kiganja kushoto, naye anakata kushoto. Ukikunja vidole, anadonoa. Mwenye magoti mabovu anaweza kuzunguka msitu mzima kabla chai haijapoa. Zamani magoti ya Bi Mwantumu yalikuwa mabovu kila alipoitwa kulima na mazima kila palipokuwa na ugomvi wa kutazama. Siku hizi hata kwa ugomvi hayakuamka.

"Moja tu," alinong'ona.

Kuyu lilikuwa limeiva mpaka linacheka. Alikunja vidole. Huko msituni ndege wa bati, ambaye tayari alikuwa na chakula alichopangiwa, akalichuma na hilo akalitia kwenye mfuko wa shingoni.

"Na hili, lisione wivu."

"Mke wangu," ilisema sauti ya marehemu Shebughe kutoka kwenye kijisanduku kilichokaa juu ya kabati, "dawa yako ya presha. Chai nimeshaiwekea tangawizi kama unavyopenda."

Kweli, jiko dogo la pembeni lilikuwa limeshachemsha na kumimina. Athumani, mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyemwagizia mama yake kijisanduku hicho baada ya msiba. Sauti ilikuwa ya Shebughe mtupu, mpaka kale kakikohozi kake cha kabla ya kusema. Tabia ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Shebughe aliyekuwa hai hakuwahi kumtilia mtu tangawizi. Alikuwa anaulizia chai yake huku amekaa karibu na birika kuliko yule anayeulizwa.

"Ahsante, Baba Athumani," alijibu Bi Mwantumu, maana adabu haigharimu kitu, akamrusha ndege wake kuelekea kwa mzazi.

Mzazi alikuwa hondohondo jike, naye alikuwa ndani ya sanduku la mbao lililofungwa juu kwenye mvule. Hondohondo akitaka kutaga huingia shimoni, akasaidiana na mumewe kuziba mlango kwa udongo mpaka unabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani jike hupukutisha manyoya ya mbawa na mkia, hulalia, huangua, na mume ndiye anayehangaika na chakula nje. Wageni waliokuja kutazama walieleza jambo hili kwa mshangao na picha nyingi. Wanawake wa Kwendimu hawakushangaa. Mzazi yuko ndani ya arobaini, basi.

Kilichowashangaza ni kwamba alikuja kabisa. Ile miaka ya ukame mkubwa iliangusha miti yote yenye mashimo, na hondohondo wakahama, watoto wa kijiji wakakua bila kujua mlio wao. Walezi hawakulipwa hata pipi. Walipanda mikuyu, wakaimwagilia kwa ndoo za kichwani, wakang'oa mitego ya waya, wakachonga masanduku na kuyapandisha mitini kwa kamba. Masanduku yalikaa matupu mpaka watu wakaanza kuyatania. Halafu asubuhi moja wakaja wawili, mume na mke, wakaanza kubeba udongo. Mzee Kaoneka, mlezi aliyekuwa mgumu kulia hata msibani, alifuta macho akasingizia moshi, na hapakuwa na moto popote.

Mume aliuawa na mvua ya mawe. Jike alikuwa ameshajifungia, hana manyoya ya kurukia, na mayai yameshaanguliwa. Hapo ndipo Mwanaidi, binti wa hapo hapo Kwendimu aliyekuwa akiunda mashine za misitu wilayani, alipopanda mlima na ndege wa bati kwenye begi. Alimpaka rangi ya hondohondo. Akamtia sauti ya yule dume, iliyokuwa imenaswa na vinasa sauti vya msituni siku walipokuwa wakijenga. Jike alipoisikia alitoa mdomo ufani akapokea.

Kwa kuwa mzazi alikuwa ndugu yao, yule wa bati wakamwita Shemeji.

Bi Mwantumu alimfikisha Shemeji ufani. Sauti ya marehemu dume ikalia, *pii, pii, pii*, na mdomo mwekundu ukachomoza. Ukapokea panzi. Ukapokea kuyu, na kuyu, na kuyu. La mwisho ulilishika ukalitazama kwa upande mmoja, kama mtu aliyeshiba anayetafuta neno la heshima la kukataa. Kisha ukalichukua.

"Kula, mwanangu," alisema Bi Mwantumu kutoka kitandani. "Unanyonyesha wewe."

Alijua hondohondo hawanyonyeshi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wataalamu tu.

* * *

Mwanaidi alifika siku iliyofuata mchana, na nyuma yake Mzee Kaoneka na Mama Kupaza. Kikao cha walezi kilikuwa kikifanyika chumbani kwa Bi Mwantumu, kwa sababu mwenyewe hatoki. Eda yake ilikwisha zamani, lakini alipokwisha kuivua aliona nje hapana kitu alichosahau, akabaki.

Mama Kupaza alikaa kwenye kigoda. Kabla ya salamu kumalizika, macho yake yalishatua chini ya kitanda. Huko kulikuwa na sahani, zimepangwa moja juu ya nyingine, safi, zinang'aa.

"Wifi," alisema, "sisi kule nyumbani tunakula kwenye vifuniko vya sufuria. Nasema tu."

"Vifuniko vina kina kizuri kwa mchuzi," alijibu Bi Mwantumu.

Kwendimu mtu aliyefungwa ndani kwa uzazi au kwa eda hapikiwi na mmoja. Chakula kinaachwa mlangoni, kimefunikwa, na aliyekileta hasemi, wala haulizwi. Kuuliza "nani kaleta?" ni utovu wa adabu, na kujitaja ni mbaya zaidi. Sahani zinabaki kwa mwenye kulishwa. Siku yake ya kutoka anazibeba zote, kila moja imetiwa chumvi kidogo, anazirudisha. Na kwa kuwa hajui ipi ya nani, hana budi kubisha kila mlango. Hivyo ndivyo mtu anavyorudi kwa watu. Bi Mwantumu alikuwa ameziosha, chumvi ameinunua, safari akaiahirisha.

Mwanaidi hakukaa. "Bibi, shikamoo. Nina habari mbaya ya mzazi."

"Marahaba. Kaa nayo, habari mbaya haisimami ikapungua."

Akakaa. Alikuwa na macho ya mtu aliyekesha. "Hondohondo wa aina hii mama hangoji watoto wakue mpaka mwisho. Anatoka katikati. Watoto wanapoanza kula kuliko baba anavyoweza kubeba, njaa inambana, anabomoa ukuta, anakwenda kumsaidia mumewe kutafuta. Watoto wanaziba tena wenyewe nyuma yake. Huyu wetu manyoya yameota yote. Watoto ni wawili, wamejaa sanduku. Na hatoki. Mle ndani wanakanyagana, na hili joto la mchana... yule mdogo anakaliwa. Leo nimemsikia kwa shida."

"Kwa nini hatoki?" aliuliza Mama Kupaza.

"Ndiyo nisiyoielewa. Shemeji nimempangia kidogo makusudi, kama dume wa kweli aliyelemewa. Mama alitakiwa awe na njaa tangu juzi. Badala yake mizani ya chini ya sanduku inapanda tu. Nikadhani imeharibika."

"Itakuwa imeharibika," alisema Bi Mwantumu, upesi kidogo kuliko ilivyofaa.

Mzee Kaoneka aliinua macho akachunguza dari, boriti baada ya boriti. Mama Kupaza aligundua kwamba kilemba chake kinataka kufungwa upya.

"Mzee Kaoneka," aliita Mwanaidi.

"Naam."

"Kwenye zamu yako ulimpa nini?"

"Alichopangiwa."

"Tu?"

"Na panzi. Mmoja."

"Mmoja kwa zamu?"

"Mmoja kwa safari."

"Safari ngapi?"

"Sasa mwanangu," alisema mzee kwa masikitiko, "sadaka inahesabiwa?"

Mama Kupaza akacheka kwa pua. Mwanaidi akamgeukia, na kicheko kikaisha. "Mimi ni vikonokono," alikiri. "Vile vidogo. Mfupa wa mzazi unataka nguvu. Na makuyu ya jioni, kwa sababu usiku ni mrefu."

Wote wakamtazama Bi Mwantumu. Akatoa mkono chini ya kanga, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Mkono huu," alisema, "umeniponza tangu msikitini, nikiwa mtoto, kwenye sahani ya tende."

Basi ikawa wazi. Zamu zote, kila mlezi, kila safari, mmoja hajui la mwenziwe, maana ni nani angesema? Mzazi hapelekewi mkono mtupu, na aliyepeleka hajitaji. Mashine ilikuwa imehesabu chakula ilichoambiwa kuleta yenyewe. Hakuna aliyeiambia habari za Kwendimu.

Walimngoja Mwanaidi akasirike. Alikuwa amejiinamia, anazungusha bangili yake mwenyewe mkononi.

"Na mimi," alisema hatimaye. "Asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza. Nampitisha kichuguuni achukue kumbikumbi. Mama aliniambia... basi, mnajua alichoniambia."

Walicheka mpaka Mzee Kaoneka akashika ukuta. Kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja, kwa sababu yule mdogo alikuwa bado anakaliwa.

"Tubomoe sisi," alisema Mama Kupaza.

"Ukuta ukivunjwa na mtu wa nje, mama anaweza kuona nyumba imeingiliwa akawaacha. Imewahi kutokea."

"Basi?"

"Basi tumzime Shemeji. Chakula kikatike, na sauti ikatike."

Mama Kupaza aliweka mkono kifuani. "Yaani afiwe mara ya pili."

"Tulimdanganya kwa sauti ya maiti," alisema Mzee Kaoneka polepole, "sasa tunamzimia maiti wake. Na akingoja, je? Akaamini anakuja tu, akakaa humo na wanawe akimngoja mpaka wakaisha?"

"Inawezekana," alisema Mwanaidi. "Sitawaficha. Simjui ndege yeyote aliyelishwa hivi akabaki hivi. Tukimzima tunaweza kuwaua watatu. Tukiendelea, mmoja anakufa, na yule wa pili atafuata."

Hapo wote walikwama, na Kwendimu mambo yakikwama hivi yana mwenyewe. Aliyempelekea mzazi chakula cha kwanza ndiye mwenye mzazi, na neno la mwisho ni lake. Zamu ya kwanza kabisa, siku Shemeji alipowasili, ilikuwa ya Bi Mwantumu.

"Niachieni mpaka alasiri," alisema.

* * *

Walipoondoka alijisikia kama amekabidhiwa mtoto wa mtu amvushe mto uliofurika.

"Baba Athumani."

Kikohozi. "Naam, mke wangu."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ufanyalo wewe ndilo jema, mke wangu. Nakuamini."

Bi Mwantumu alikitazama kijisanduku kwa muda mrefu. Miaka yote ya ndoa alikuwa ameililia sentensi hiyo, na sasa imekuja haina chumvi.

Akakumbuka arobaini yake ya Athumani. Mama mkwe alikuwa amesafiri, na Shebughe, kwa kiburi cha ujana, aliwaambia majirani wapumzike siku ile, supu ataipika yeye. Adhuhuri ikaja, supu haikuja. Akangoja. Akaita kwa upole, akaita kwa jina, akaita kwa jina la baba yake. Shebughe akawa anaitika kutoka jikoni, "Naja, naja," na haji. Mwishowe alijifunga kanga akatoka na hasira zake, akamkuta bwana amelala usingizi juu ya gunia, kuku ameungua mpaka sufuria inalia, na mdomo bado unaitika "naja" ndotoni. Alimtukana matusi ambayo hakujua anayajua. Shebughe aliamka akaanza kucheka, naye kicheko kikamwambukiza, na alipoinua kichwa kupumua akaliona bonde. Jua limelala juu ya mashamba ya chai, mbuzi wa watu wanapanda kilima. Alikuwa amesahau kwamba lipo. Alisimama pale na sufuria iliyoungua mkononi, na katika maisha yake yote hakukumbuka mlo aliousema ahsante kwa moyo kama ule ambao hakuula.

Alicheka peke yake kitandani.

"Umefurahi, mke wangu," ilisema sauti. "Nami nimefurahi."

"Nyamaza kidogo, baba. Nakukumbuka."

Mwanaidi aliporudi alasiri alimkuta ameketi, miguu chini.

"Usimzime," alisema Bi Mwantumu. "Mcheleweshe. Mweke pale kwenye mkuyu mkubwa, mzazi amsikie lakini asimwone. Awe anaita. Akiitwa aitike. Lakini asilete kitu."

Mwanaidi alifikiri. "Aitike tu."

"Kama mwanamume. Mwanamke akifiwa hujikunyata, lakini akicheleweshewa hutoka. Nawajua wote wawili."

"Bibi, huo bado ni uongo."

"Ni uongo, mwanangu, sikatai. Ule wa kwanza ulimlisha, ukamwokoa, nashukuru, kisha ukaanza kumfungia. Huu unamwita mahali penye chakula cha kweli. Kama nimekosea, wakifa, msiseme mashine, wala msiseme Mwanaidi. Semeni Mwantumu. Mimi ndiye mwenye mzazi."

Akavua bangili yake, akaiweka kwenye kikapu. "Na zote ziletwe humu. Mmoja akibaki nayo, kesho mzazi anakula vikonokono."

* * *

Asubuhi kikapu kilikuwa kimejaa na Bi Mwantumu amekikalia.

Mama Kupaza alibisha mapema. Alileta maandazi ya moto, akauliza afya, akauliza habari za Athumani, akasifia mapazia. "Bangili yangu hiyo, wifi, ina mkwaruzo. Nataka niipeleke kwa fundi."

"Mkwaruzo hauli. Utangoja."

"Kuyu moja, Mwantumu. Nusu."

"Nenda, Mama Kupaza, kabla sijakubali."

Akaenda, akisema anapitia sokoni. Bi Mwantumu akabaki na maandazi na kimya. Ndipo alipogundua kitu ambacho hakukipanga. Tangu Shemeji aje, kila asubuhi msitu ulikuwa ukija kiganjani mwake. Leo kiganja kilikuwa na mistari yake tu ya uzee. Huko juu mzazi alikuwa anaita, au amenyamaza, yule mdogo anapumua au hapumui, na yeye mwenye neno la mwisho hajui. Alikitazama kikapu. Alijua kabisa kwamba akiivaa bangili ile ili atazame tu, mkono utaiba.

"Mke wangu, pumzika," ilisema sauti. "Jua ni kali. Nikuongezee chai?"

"Hapana, baba. Ahsante."

Alisimama. Magoti yakalalamika, akayatukana yakanyamaza. Alichukua mchi wa kinu badala ya mkongojo, kwa sababu mkongojo ungemfanya aonekane mzee. Akabeba kikapu kichwani, akafunga mlango kwa nje, kitu ambacho kitasa kilikuwa kimesahau.

Njia ya msituni ilikuwa ndefu kuliko ilivyokuwa kiganjani. Kiganjani hakukuwa na harufu. Sasa ilimjia ya majani mabichi yaliyoozea chini, na ya udongo wa kivulini, na mikuyu aliyoimwagilia kwa ndoo ilikuwa imempita urefu mara nyingi. Aliugusa mmoja akapita.

Penye mvule aliwakuta. Mwanaidi alikuwa nyuma ya kichaka. Mama Kupaza, ambaye alisema anakwenda sokoni, alikuwa nyuma ya kichaka kingine. Mzee Kaoneka, ambaye tangu jana alidai anaumwa tumbo, alichutama kwenye mizizi, mzima kama jiwe. Walimwona Bi Mwantumu na mchi wake na kikapu chake, na Mama Kupaza akaweka kanga mdomoni.

Juu, ufani, mdomo mwekundu ulikuwa nje. Ulikuwa unaita. Ulikuwa mlio mrefu, mkavu, wenye kuuliza. Kutoka kwenye mkuyu mkubwa Shemeji akaitika, *pii, pii, pii*. Mzazi akanyamaza akangoja. Hakuja mtu. Akaita tena.

"Tangu alfajiri," alinong'ona Mwanaidi.

"Na mdogo?"

"Mkubwa analia. Mdogo simsikii."

Bi Mwantumu alikaa chini. Jua lilipanda. Mzazi aliita, Shemeji akaitika, na kila mara mwito ule ulipotoka, watu wale wazima walitazama chini kama wanaodaiwa. Mara moja mdomo ulirudi ndani na haukutoka tena kwa muda, na Mama Kupaza akaanza kulia bila sauti.

Bi Mwantumu aliona ngumi ya Mzee Kaoneka. Ilikuwa imefumbwa, na ndani yake kitu kilikuwa kinaruka.

"Fungua," alisema.

"Ni mmoja tu."

"Kaoneka."

Mzee akafungua ngumi, panzi akaenda zake. Kisha mzee akanyoosha kidole, taratibu, kwa heshima zote, kwenye pindo la kanga ya Bi Mwantumu. Pindo lilikuwa limefungwa fundo, na fundo lilikuwa na duara la kuyu moja lililoiva. Bi Mwantumu alilitazama kwa mshangao wa kweli. Hakukumbuka hata lilipochumwa. Alilifungua, akalila mwenyewe mbele yao.

Ndipo waliposikia *ko*.

Mwanaidi alishika mkono wa aliyekuwa karibu. *Ko. Ko ko.* Kipande cha udongo mkavu kilianguka kikapiga jani. Kikafuata kingine. Mdomo ulikuwa unagonga kutoka ndani, kwa hasira, kwa hasira ya mtu anayejua hasa amemkasirikia nani, na Bi Mwantumu alijikuta anaitikia kwa kichwa kila pigo. Ufa ukawa tundu. Tundu likatoa kichwa. Kichwa kikatoa mabega, na mzazi akatoka, mchafu, mnene, mkia umekunjamana kama mkeka ulionyeshewa, akaanguka zaidi kuliko kuruka mpaka kwenye tawi la chini.

Alikaa hapo. Akajikung'uta. Akatazama huku na huku, na Bi Mwantumu aliujua ule utazamaji wake.

Kwenye mkuyu Shemeji akaita.

Mzazi akaruka, safari hii vizuri, mbawa zinavuma. Alitua kando ya mumewe wa bati. Akamtazama kwa jicho la kulia, akamtazama kwa jicho la kushoto, akasogea, akamgonga kwa mdomo. Bati likalia. Akangoja. Akamgonga tena, taratibu zaidi. Shemeji akasema *pii*.

Mzazi hakumjibu. Wala hakumjibu tena siku ile wala siku nyingine yoyote. Aligeuka akaanza kula kuyu, moja, mbili, akashika la tatu mdomoni asilimeze, akarudi kwenye sanduku. Ndani watoto walikuwa wameshaanza kuziba. Kwenye ufa mpya ulitokea mdomo mmoja mdogo ukapokea. Ukarudi ndani. Kisha, chini yake, polepole, ukatokea mwingine mdogo zaidi, uko wazi, unatetemeka, unadai.

Mzee Kaoneka alisema moshi umekuwa mwingi huku msituni.

"Mzime sauti, mwanangu," alisema Bi Mwantumu. "Amefanya kazi yake. Mwambie Kwendimu wanamshukuru."

Mwanaidi alitoa bangili yake kikapuni akazima. Walisikiliza msitu usio na marehemu ndani yake. Mzazi alishapita tena juu ya vichwa vyao, amebeba.

* * *

Mwanaidi alimsindikiza mpaka nyumbani. Mlango ulipofunguka sauti ilikuwa inangoja.

"Karibu, mke wangu. Umechoka. Maji ya moto yapo."

Bi Mwantumu alisimama mbele ya kabati. "Unaweza kumfundisha kuunguza supu?"

Mwanaidi alifikiri kama ni utani, akaona sivyo. "Hapana, bibi. Hiyo haiwezi kukosea kwako. Ndivyo Athumani alivyoiagiza."

"Athumani ni mwana mwema. Nitampigia kumshukuru." Alikipangusa kijisanduku vumbi kwa pindo la kanga lenye doa la kuyu. "Baba Athumani, umenitunza wakati nilipokuwa siwezi. Mungu akulipe. Sasa lala, na mimi nina safari."

"Ufanyalo wewe ndilo jema, mke wangu."

Aligusa kitufe. Kale kakikohozi kakasikika, neno halikufuata.

Mwanaidi aliuliza kama amsaidie kitu. Bi Mwantumu alikuwa ameshainama chini ya kitanda, anatoa sahani. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, za maua, za bati, moja yenye ufa uliogandishwa na gundi, ambayo mtu fulani alikuwa amemtolea ingawa bila shaka ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nyumbani kwake. Alitia chumvi katika kila moja, akazipanga kwenye kikapu kile kile kilichobeba bangili.

"Nikubebee, bibi. Najua nyingine ni za nani. Ile ya bluu ni ya—"

"Usiseme," alisema Bi Mwantumu. "Ukiniambia nitafika haraka."

Alijitwisha, akashika mchi wake. Nyumba ya Mama Kupaza ilikuwa ya kwanza, hatua chache tu, na sahani ya bluu aliijua vizuri tangu harusi ya Kupaza. Akaipita. Alikata kulia, akashika njia ndefu inayozunguka kijiji kizima, ili afike pale mwisho, wakati wa chakula.